Jeshi la mawe la Tabaka: Bei huporomoka kila uchumi unapoyumba

Mkulima wa chai wa Nyansiongo, nchini Kenya, huuza majani kwa kilo. Yanapimwa kituoni, yanasindikwa kiwandani, na malipo humfikia kwa awamu mbili: ya kila mwezi na bonasi ya mwaka. Bei ikishuka katika mnada wa Mombasa atanung'unika, lakini anajua wa kumnung'unikia. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, katika kaunti jirani ya Kisii, mchonga mawe ya sabuni hana mizani, hana mnada wala bonasi. Mara nyingi bei hutajwa na dalali. Ndiyo maana nyakati ngumu zinapofika, mchongaji hulazimika kuchonga zaidi ili apate kidogo.

Wagusii walilijua jiwe hili kabla ya watalii kulijua. Walichonga viko vya tumbaku, bakuli na vibao vya kuchezea bao. Wakati wa ukoloni wageni walianza kulinunua kama pambo, na baada ya Uhuru biashara ikapanuka hadi Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, patasi na kisu. Wanawake husugua kwa msasa na maji, kisha hung'arisha kwa nta.

Miongoni mwa bidhaa zinazotafutwa na wakusanyaji ni seti za sataranji. Seti moja ni majeshi mawili: vipande 32, na nusu yake ni askari wa mstari wa mbele. Upande mmoja huachwa na rangi ya jiwe, wa pili hutiwa rangi nyeusi au ya kahawia. Kuna seti ambazo askari wake ni wapiganaji wa Kimaasai wenye ngao. Mchongaji akishatoa askari wa kwanza, lazima awatoe wengine 15 wanaolingana naye kimo na umbo. Jiwe ni laini, na askari mmoja akivunjika shingo, seti nzima haiuziki hadi apatikane wa kumrithi.

Gharama kubwa basi ni mikono, si jiwe. Hapo ndipo mnunuzi anapobana, hasa watalii wanapopungua. Mwaka 2007 Kenya ilipokea wageni wapatao milioni 1.8. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba mwaka huo, idadi ya 2008 ilishuka hadi takriban milioni 1.2. Mpaka wa Borabu, eneo ilipo Nyansiongo, na Sotik uliwaka moto, na Chepilat, iliyo kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Nairobi kupitia Sotik na Narok, ikawa uwanja wa mapigano. Kabla vidonda havijapona, benki ya Lehman Brothers ilianguka Marekani mnamo Septemba 2008, na mnunuzi wa ng'ambo naye akafunga mkoba.

Soko likibana hivyo, kiwanda kinaweza kupunguza zamu. Familia ya mchongaji haiwezi, kwa sababu karo na unga havisubiri watalii warudi. Basi huchonga vitu vidogo vinavyouzika upesi: viboko vya kiganjani, vishikio vya funguo, visahani vya sabuni. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Bidhaa hujaa, na dalali huchagua anayekubali bei ya chini kabisa.

Watengenezaji wa wanajeshi wa kuchezea huko Ulaya walipita njia nyingine. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kumimina wanajeshi wa madini ya risasi walio wazi ndani. Madini yaliyotumika yalipungua, bei ikashuka, na Wajerumani waliokuwa wakilitawala soko hilo wakapata mshindani mkali. Siku hizi kampuni za wanajeshi wa wakusanyaji huweza kutangaza toleo lenye idadi maalumu, kisha zikaacha kulitoa. Uchache huo hulinda bei. Ila anayeweza kupunguza bidhaa ni yule mwenye akiba ya kula wakati anangoja.

Mwaka 2020 korona iliangusha tena soko la Tabaka. Wageni waliokuwa zaidi ya milioni mbili mwaka 2019 hawakufika hata 600,000. Maduka ya vinyago yalifungwa, na mawe yaliyokwisha kuchongwa yakabaki stoo.

Je, bei ya chini iliyowekwa kisheria ingesaidia? Wakulima wa Nyansiongo wanajua jibu si jepesi. Mwaka 2021 mnada wa Mombasa uliwekewa kiwango cha dola 2.43 kwa kilo ya chai ya viwanda vya KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, na baadaye chai isiyonunuliwa ikarundikana maghalani. Amri ya bei haileti mnunuzi.

Kinachosaidia zaidi ni malipo ya kabla ya kazi. Chini ya kanuni za biashara ya haki, mnunuzi wa kazi za mikono hutakiwa kutoa angalau asilimia 50 mapema, mzalishaji akiomba. Njia nyingine ni ya Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, ambaye sanamu yake imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris: kazi moja yenye jina la aliyeichonga. Si kila mchongaji atakuwa Ong'esa, lakini chama cha wachongaji chenye oda na malipo ya awali humpa mchongaji wa kawaida kitu ambacho dalali hajawahi kumpa, yaani uwezo wa kukataa bei mbaya.