Hukumu ya Kaisari Bokassa

Wasomaji wetu wengi wamesikia jina la Jean-Bédel Bokassa, mtawala wa Afrika ya Kati, nchi iliyo ng'ambo ya mto Ubangi. Mwaka 1976 alijiita Kaisari, na mwaka 1977 akajivika taji. Mwaka 1979 wanafunzi wa Bangui walikataa sare za shule alizowalazimisha kununua. Wengi walikamatwa, na wengine wakafia katika gereza la Ngaragba. Mwezi wa Septemba, alipokuwa Libya, askari wa Ufaransa wakamwondoa.

Mwaka 1986 alirudi kwa hiari yake, akidhani watu watamshangilia. Wakamfunga. Kesi ikasikilizwa waziwazi, watu wakajaa barazani, na redio ikapeleka maneno ya mashahidi hata kwa waliokosa nafasi. Alikuwa na mawakili wa kumtetea. Sisi tunaona hilo ndilo jambo kubwa: watoto wa Ngaragba hawakupewa wakili hata mmoja.

Tarehe 12 Juni 1987 alihukumiwa kufa. Mwaka 1988 akasamehewa kifo, na mwaka 1993 akafunguliwa. Alikufa mwaka 1996. Mwaka 2010 serikali ikamrudishia heshima yake, na wako raia waliofurahi, kwa kuwa vita na umaskini vilivyofuata viliwafanya waisifu hata enzi yake.