Uhuru Ilipaa Kutoka Kwetu. Kwani Nani Aliisoma?

Kulikuwa na setilaiti ya Wamarekani iliyoitwa Uhuru. Hapana, si jina la rais mstaafu. Ilirushwa 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na Waitaliano wa jukwaa la San Marco, kwenye bahari yetu karibu na Malindi. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo NASA, akaipa neno la Kiswahili kuishukuru nchi iliyowapokea. Mimi niko Kisumu, Malindi ni mwisho mwingine wa nchi, lakini hii stori ni yetu sote na naona huwa tunaisimulia nusu.

Turudi nyuma kidogo. Nyota kubwa ikiishiwa na mafuta hulipuka, na kiini chake hujikunja kuwa nyota ya nyutroni. Upana wake ni kilomita 24 hivi, kama barabara ya kutoka Kisumu mjini hadi Maseno, lakini ina uzito kuliko jua lote. Kijiko kimoja tu cha hiyo kitu ni zaidi ya tani bilioni moja.

Mwaka 1967 Jocelyn Bell alikuwa mwanafunzi wa miaka 24 pale Cambridge, Uingereza. Alikuwa amesaidia kujenga darubini ya redio kwa mikono yake, na kazi yake ilikuwa kusoma karatasi iliyotoka kwa mashine, karibu mita 30 kila siku. Akaona kialama kidogo ambacho wengine wangepita. Ulikuwa mpigo, kila sekunde 1.33: palsa ya kwanza, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka. Nobel ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle. Yeye akaachwa nje.

Ndio Uhuru ikaingia. Eksirei kutoka angani hazipenyi hewa yetu, kwa hivyo lazima uzifuate juu. Uhuru ikakuta kitu kinaitwa Cen X-3 kikipiga kila sekunde 4.8: nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota jirani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kikosi hicho, alipata Nobel mwaka 2002. Data ilisomwa Marekani. Sisi tulitoa bahari, ikweta na jina.

Sasa swali ni, unajuaje kilicho ndani ya kitu huwezi kukifikia? Jaribu hii. Chukua yai bichi na lingine la kuchemsha kwa mwenye mayai pasua. Yazungushe mezani, yaguse kidogo yasimame, halafu uachilie. Lililochemshwa litatulia. Bichi litaanza kuzunguka tena, kwa sababu majimaji ya ndani hayakuwa yamesimama. Hujapasua kitu, na umejua ndani kukoje.

Palsa ya Vela ilifanya karibu hivyo. Huzunguka kama mara 11 kwa sekunde, ikipunguza mwendo pole pole. Mwaka 1969 darubini ya redio ya Parkes, Australia, ikaikuta imeongeza mwendo ghafla, kama sehemu mbili kwa milioni, kisha ikachukua muda mrefu kutulia. Maelezo ambayo wanasayansi wengi wameshika ni haya: ganda hupunguza kasi, lakini ndani kuna majimaji ya nyutroni yanayotiririka bila msuguano, na mara moja moja hulirudishia ganda kasi yao.

Kutoka Cambridge huwezi kuiona Vela, haichomozi kabisa. Kutoka hapa ziwani inachomoza vizuri. Na kuna Waafrika wanaoisoma: darubini ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, imeifuatilia kwa miaka mingi.

Hapo ndipo sisi tunaniudhi. Longonot kuna sahani kubwa iliyojengwa kwa mawasiliano ya setilaiti, na kwa miaka imetajwa kwamba inaweza kugeuzwa darubini ya redio. Ghana walikuwa na yao kama hiyo, Kuntunse, na wakaizindua 2017 kama darubini. Kenya pia ni mshirika wa mradi wa SKA. Mahali tuko napo, ikweta tuko nayo, hata jina liko kwa vitabu.

Lakini mahali pekee hapajawahi kugundua kitu. Bell hakuipata palsa kwa sababu antena ilikuwa Cambridge. Aliipata kwa sababu alizisoma zile karatasi mita kwa mita. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3, alizitoa zote zisomeshe fizikia vijana ambao kwa kawaida huachwa nje.

Kwa hivyo siku mkubwa atasimama kuzindua sahani na kukata utepe, mimi nitauliza kitu kimoja tu: ni wanafunzi wangapi wa Maseno, wa Kisumu, wa Homa Bay, wanafundishwa kuisoma? Kama jibu ni hakuna, hiyo itakuwa Uhuru nyingine. Jina letu, macho yao.