Ada ya uanachama ikilipwa ng'ambo, VAT inatozwa wapi?

Siku hizi vyama vya wakulima hulipa ada kwa mashirika ya nje ili kupata mafunzo, bei za soko na wanunuzi. Ankara inapofika, huzuka swali: kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi tunaiita VAT, inalipwa kwao au kwetu? Chama kisichojua kinaweza kutozwa mara mbili, au kudaiwa baadaye kodi ambayo hakikuiweka kwenye bajeti. Hapa tunaeleza kwa mfano wa chama cha ushirika cha kahawa nchini Kenya kinachojiunga na shirika lililoko Uingereza.

Ada inanunua nini?

VAT hutozwa kwenye bidhaa na huduma. Mkitoa fedha bila kupata chochote, huo ni mchango na hauna VAT. Lakini ada ya uanachama kwa kawaida huleta kitu: ushauri, jarida, mafunzo. Hiyo ni huduma, hata kama hamkuitumia. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo katika kesi ya klabu ya gofu ya Kennemer nchini Uholanzi. Ilisema ada ya mwaka inaweza kuwa malipo ya huduma hata kwa mwanachama ambaye hakukanyaga uwanjani, kwa sababu uwanja ulikuwa tayari kwa ajili yake wakati wote.

Baadhi ya ada husamehewa. Uingereza, kwa mfano, haitozi VAT ada za vyama vya wafanyakazi.

Mnunuzi ni nani, na yuko wapi?

Kiwango cha kawaida cha VAT Uingereza ni asilimia 20. Hata hivyo, shirika la huko likiuza huduma kwa biashara iliyo nchi nyingine, kanuni ya jumla ni kwamba kodi humfuata mnunuzi. Huduma huhesabiwa kuwa imetolewa mahali alipo mnunuzi, kwa hiyo ile asilimia 20 haifai kuwepo kwenye ankara.

Kwa mtu binafsi mambo hubadilika. Huduma nyingi hutozwa kodi alipo muuzaji. Ndiyo maana katibu akijaza fomu kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la ushirika, anaweza kutozwa VAT ya Uingereza ambayo ushirika usingetozwa.

Tiketi ya mkutano ina kanuni yake. Kiingilio cha mkutano unaofanyika London hutozwa kodi huko huko, hata kama mnunuzi ni ushirika wa Kenya.

Upande wa Kenya

Kuondolewa kwa kodi ya Uingereza hakumaanishi kwamba hakuna kodi. VAT ya kawaida ya Kenya ni asilimia 16, na Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inagusa pia huduma zinazotoka nje. Kwa huduma za kidijitali, kanuni zinamtaka muuzaji wa nje ajisajili kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, na kutoza kodi hiyo. Kwa huduma nyingine za kutoka nje, sheria ina utaratibu wa mnunuzi kujihesabia kodi mwenyewe.

Tuseme ada ni pauni 1,000. Asilimia 16 yake ni pauni 160. Ushirika uliosajiliwa kwa VAT, ambao mauzo yake yote yanahesabiwa kuwa ya kutozwa kodi hiyo, kwa kawaida haupotezi fedha hizo, kwa kuwa hudai kurudishiwa kodi iliyotozwa kwenye manunuzi yake. Kahawa inayouzwa nje ya nchi iko ndani ya hesabu hiyo, kwa kiwango cha sifuri. Kikundi kisichosajiliwa hakina njia ya kudai: kodi ikishatozwa, ni gharama yake moja kwa moja. Kujisajili ni lazima mauzo yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka.

Kabla ya kutuma fedha

• Jiungeni kwa jina la ushirika, na mtume hati ya usajili pamoja na namba ya PIN ya KRA.
• Ombeni ankara inayotenganisha ada, mchango na tiketi za mikutano.
• Mkiona VAT ya Uingereza, ulizeni sababu kabla ya kulipa. Kudai irudishwe baadaye huchukua muda.
• Angalieni kama muuzaji ameshatoza VAT ya Kenya, msije mkailipa tena.
• Mpeni mhasibu ankara mapema. Ripoti ya VAT ya kila mwezi huwasilishwa KRA kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Wasikilizaji wetu wa Uganda, Rwanda na Tanzania Bara wakumbuke kwamba kiwango cha kawaida kwao ni asilimia 18, na taratibu za kujisajili ni tofauti. Lakini maswali ya kuanza nayo ni yale yale: tunanunua nini, nani ananunua, na yuko wapi?