Sauti za Amani za Kivu: Nani Alizisikia, Nani Alizisimulia?



Historia ya vita vya Kivu mnaijua kwa majina ya majeshi na kwa miaka ya kukimbia: 1996, 1998, 2008, 2012, 2025. Kila jamaa ina mwaka wake. Lakini iko historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, nayo haifundishwi sana: historia ya watu waliosimama bila silaha na kusema kwamba vita hivi havikubaliki. Walikuwa maaskofu, walei, akina mama, wanafunzi, hata watoto wa shule. Tujiulize pamoja kwa nini sauti hizo zimesikika kidogo, na tufanye nini ili zisipotee.

Tuanze Bukavu. Mwaka 1999 mji huo ulitawaliwa na RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda na lenye makao yake makuu hapa Goma. Mwezi Julai watawala hao waliifunga Redio Maendeleo, kituo cha mashirika ya raia kilichoanzishwa mwaka 1993. Zingatieni mpangilio wa mambo: redio ilinyamazishwa kwanza, ndipo zikaja siku ambazo raia walitaka kusema. Wakati wa Noeli ya mwaka huo, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko aliwaandikia waamini wake akiwalaumu wageni waliopora nchi pamoja na Wakongo waliowasaidia, na akawahimiza Wakristo wasimame imara kwa njia ya Injili. Mwanzoni mwa mwaka 2000 mashirika ya raia yaliwaomba watu wabaki nyumbani, na shughuli za mji zikasimama kwa siku kadhaa. Jibu la watawala lilifika tarehe 12 Februari 2000: Askofu Mkuu alizuiwa kukaa Bukavu, akapelekwa uhamishoni Butembo, jimbo alilokuwa amelichunga zaidi ya miaka 30 kabla ya kuhamishiwa Bukavu.

Habari hiyo ilisafirije, redio ya raia ikiwa imefungwa? Ilipita mikononi mwa Kanisa. Mapadre, watawa na walei waliandika taarifa, na shirika la habari la wamisionari, MISNA, lililoanzishwa Roma mwaka 1997, likazitangaza. Askofu Mkuu Kataliko alirudi Bukavu mwezi Septemba, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba 2000.

Mbegu haikufa pamoja naye. Wakristo na vyama vya amani vya Italia walikuwa wamepanga kuja Bukavu kukaa na ndugu zao waliokuwa vitani. Mlango wa Bukavu ulipofungwa, mkutano ulihamia Butembo, katika eneo lililokuwa chini ya waasi wengine waliosaidiwa na Uganda. Huko, kuanzia tarehe 27 Februari hadi 1 Machi 2001, wageni wapatao 300 kutoka Ulaya walikutana na Wakongo wengi katika Kongamano la Kimataifa la Amani Afrika, wakipokewa na Askofu Melchisédech Sikuli Paluku. Raia walivuka mipaka ya majeshi kwa miguu yao wenyewe, vita ikiwa bado inawaka, kudai majeshi ya kigeni yaondoke. Lakini Rais Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameuawa wiki sita tu kabla, na macho ya waandishi yalielekea Kinshasa na kwa wakubwa waliokuwa wakijadiliana. Leo ni vijana wangapi wa Goma waliowahi kusikia habari za mkutano huo?

Tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Tarehe 15 Februari 2003, mamilioni ya watu waliandamana katika mamia ya miji duniani, Roma na London zikiwemo, kupinga vita vya Iraq vilivyokuwa vinakuja. Vita vilikuja hata hivyo. Tarehe 26 Mei 2004 wahariri wa gazeti la New York Times waliwaandikia wasomaji wao wakikiri kwamba kabla ya vita walikuwa wameyapokea madai ya silaha za Iraq bila kuyachunguza vya kutosha. Serikali inayotaka vita ina wasemaji, ramani na mikutano na waandishi kila siku. Anayekataa vita ana barabara tu, kwa siku moja. Mwandishi mwenye haraka huenda mahali ambapo habari imekwisha kuandaliwa.

Turudi kwetu. Mwaka 2012 vijana wa Goma walianzisha LUCHA, harakati ya raia isiyotumia nguvu. Mwaka 2016 Amnesty International iliipa tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri. Kule Beni, ambako mauaji ya raia yalianza upya Oktoba 2014, wanafunzi wa shule walifanya jambo la kushangaza mwezi Aprili 2021: waliketi mbele ya ofisi ya meya, wakalala hapo usiku baada ya usiku, wakidai mauaji yakome na Rais aje awasikilize. Polisi waliwaondoa kwa nguvu. Siku chache baadaye ulitangazwa utawala wa kijeshi, état de siège, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Hatua ya serikali ndiyo iliyoendelea kuandikwa mwezi baada ya mwezi, na watoto wale wakasahauliwa.

Mfano wa pili unatuhusu kwa uchungu zaidi. Tarehe 25 Julai 2022 maandamano dhidi ya MONUSCO yalianza hapa Goma, yakasambaa Butembo na Uvira. Waandamanaji walikuwa na swali halali: askari wa Umoja wa Mataifa wako nchini tangu 1999, mbona raia bado wanachinjwa, na M23 imeuteka Bunagana mwezi uliopita? Lakini baadhi yao waliingia katika majengo, wakavunja na kupora. Risasi zikalia. Kwa siku chache walikufa watu zaidi ya 30, wakiwemo walinda amani wanne. Dunia iliona moshi, na mizigo ikibebwa vichwani. Waandishi hawakusema uongo, kwa kuwa mambo hayo yalitendeka. Ila swali la waandamanaji lilizikwa chini ya picha hizo. Hapa kuna fundisho kwa yeyote anayetafuta amani: jiwe moja likirushwa, mabango elfu hayasomwi tena.

Mfano wa tatu ni wa tarehe 30 Agosti 2023. Wafuasi wa kundi moja la kidini mjini Goma walikuwa wamejiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO na jeshi la Afrika Mashariki. Wanajeshi waliwafyatulia risasi. Taarifa ya kwanza ya jeshi ilitaja vifo vichache tu. Siku iliyofuata serikali ikasema 43, na baadaye hesabu ikapita 50. Ukweli ulisaidiwa na watu wa kawaida: picha za simu zilionyesha maiti zikitupwa ndani ya gari la jeshi. Mwezi Oktoba mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani kanali mmoja pamoja na baadhi ya askari. Mtu anaweza kutokubaliana na imani ya waliouawa au na madai yao. Lakini kila mmoja wao alistahili kuhesabiwa.

Kuhesabiwa si jambo dogo. Mwaka 2000, shirika la IRC lilipotangaza makadirio kwamba watu milioni 1.7 zaidi ya kawaida walikuwa wamekufa mashariki mwa Kongo katika miezi 22, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na vita, mataifa yalishtuka. Wataalamu bado wanabishana juu ya makadirio ya namna hiyo. Hata hivyo, hesabu iliyofanywa kwa uaminifu ilifungua masikio ambayo vilio havikuyafungua.

Tuwaheshimu pia wale waliolipa gharama ya kazi ya habari. Redio Okapi ilianza kutangaza tarehe 25 Februari 2002. Waandishi wake wawili, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja Juni 2007, mwingine Novemba 2008. Tunapowalaumu waandishi kwa mepesi, tuwakumbuke hao.

Sasa sisi je? Mji wetu uko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Januari 2025. Waandishi wengi wamekimbia au wamenyamaza, na simu zimejaa picha ambazo hakuna ajuaye zilipigwa wapi. Kanisa halimwombi kijana yeyote ajitupe mbele ya bunduki ili apate picha. Linamwomba kitu kigumu kwa namna nyingine: aishike Amri ya Nane. Asiyapeleke mbele asiyoyajua. Asiongeze idadi ya wafu wa kwao wala kupunguza ya wengine. Asitoe jina la shahidi linaloweza kumletea kifo. Na aliyoyaona kwa macho yake ayahifadhi: siku, mahali, walioomba amani walisema nini, walijibiwa nini. Parokia zetu zina desturi hiyo tangu zamani. Vitabu vya ubatizo na vya marehemu vimetunza majina ambayo ofisi za serikali zilizipoteza.

Wanawake waliotoka kaburini asubuhi ya Pasaka hawakusadikiwa na Mitume. Waliambiwa ni maneno ya upuuzi. Hawakuongeza chumvi ili wasadikiwe, wala hawakukaa kimya. Walisema walichokiona, na imani yetu yote imepitia katika ushuhuda wao.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika parokia yetu, ni nani anayekumbuka siku ambayo waamini waliandamana au kusali hadharani kwa ajili ya amani? Nani atamwendea amsikilize?

2. Habari ya mwisho ya vita niliyoituma kwa wenzangu, niliijua ni ya kweli, au niliituma kwa sababu iliniumiza?

3. Je, huwa tunawaombea wafu wa upande tusioupenda kama tunavyowaombea wa kwetu?