Ardhi na maji ya Bukama: nani anatetea haki ya mkaaji, na kwa sheria gani?

Bukama ni teritware ya jimbo la Haut-Lomami, lile ambalo mji wake mkubwa ni Kamina na ambalo lilizaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ya zamani iligawanywa mara nne. Mji wa Bukama unakaa pembeni ya mto Lualaba. Reli kutoka Lubumbashi ilifika hapo mwaka 1918, na kutoka hapo mizigo ilipanda masua kuteremka mto mpaka Kongolo. Kisha Bukama, mto unaingia katika bonde la Kamalondo, fasi ya mabwawa na maziwa mingi. Yanayojulikana zaidi ni Upemba na Kisale. Wakaaji wanaishi kwa samaki na mashamba, na upande wa Luena kulichimbwa makala ya mawe.

Utajiri huo njo unaleta mabishano. Mvuvi anasema ziwa ni la babu zake. Mlinzi wa parke anasema nyama wa pori hawawezi kuuawa. Serikali inasema udongo wote ni mali yake. Kwa kukata mambo hayo, kuna watu wa aina tatu wanaofanya kazi: wataalamu wa sayansi, watu wa sheria, na watetezi walio kwenye uwanja. Kazi ya mmoja bila wengine haimfikishi mkaaji mbali.

Wataalamu: udongo unasema nini

Mwaka 1957 wataalamu wa mambo ya kale walianza kuchimba makaburi ya zamani kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale. Katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre de Maret aliendelesha kazi hiyo Sanga na fasi zingine za bonde. Walikuta vyungu, shaba, vyuma na alama za watu waliokula samaki. Yale ya zamani zaidi katika bonde ni ya karibu karne ya 7. Maana yake, watu waliishi kwa maziwa haya zaidi ya miaka 1,000 mbele ya serikali yoyote ya kikoloni kuandika sheria yake.

Wataalamu wengine walihesabu nyama. Kati ya 1946 na 1949, Gaston-François de Witte aliongoza misioni kubwa katika Parke ya Upemba. Katika vitu alivyopeleka Ubelgiji kulikuwa mafuvu na ngozi za swala wa mabwawa. Ni mwaka 2005 tu njo swala huyo alipewa jina la kisayansi, Kobus anselli, lechwe wa Upemba. Anaishi katika bonde hili peke yake, na leo amebaki kidogo sana.

Basi sayansi inasema mambo mawili kwa mara moja: watu wa ziwa ni wenyeji wa kale, na nyama wa ziwa hawapatikani fasi ingine. Asiyetaka kusikia moja kati ya hayo, anakosa.

Sheria: karatasi iko, lakini haijafika kijijini

Parke ya Upemba iliundwa tarehe 15 mei 1939, wakati wa ukoloni. Hapo hakuna aliyeomba ruhusa ya wakaaji.

Kisha uhuru, sheria ya ardhi ya tarehe 20 julai 1973 ilisema udongo ni mali ya serikali. Kwa ardhi ambazo jamii wanakaa na kulima kwa desturi, kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais itakayopanga haki zao. Miaka makumi ilipita bila ordonansi hiyo kutoka. Njo sababu mtu anaweza kulima shamba la nkambo yake maisha yote, na siku mwenye pesa anakuja na sertifika kutoka mjini, yeye anabaki mikono mitupu.

Hata hivyo mkaaji hana ukosefu wa silaha za sheria. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi, ikiwa ya mtu mmoja ao ya jamii. Kifungu cha 53 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 2011 inaomba mradi mkubwa ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara na watu waulizwe. Tangu 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake, mpaka hektari 50,000. Na kodeksi ya madini ilivyorekebishwa 2018 inapeleka asilimia 15 ya ruayote kwa sekta, usheferi ao komine ambako madini yanatoka.

Watetezi: kazi yenye hatari

Katika parke, kulinda nyama kumegharimu damu. Desemba 2012, konservateri wa Upemba aliuawa na watu wenye silaha. Mwaka 2015 parke ilipewa Rodrigue Katembo, ambaye alifungwa na kuteswa mwaka 2013 juu ya kukataa utafutaji wa petroli katika Virunga. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira.

Lakini mtetezi si paka mwenye bunduki na uniforme. Mwalimu anayeandika malalamiko ya kijiji, mwanamke anayesimamia wenzake wauza samaki, avoka anayefuata kesi ya mvuvi aliyekamatwa, wote ni watetezi. Sheria ya tarehe 15 juni 2023 inawatambua na kuwalinda. Inawaomba pia kujiandikisha kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoanzishwa na sheria ya 2013. Mashirika mengine yanalalamika juu ya sharti hilo, yanasema linaweza kuwa kamba shingoni.

Mkaaji anaweza kuanza wapi

Haki bila ushahidi ni maneno ya barza. Kijiji kinaweza kuchora karta ya mashamba, mito, makaburi na fasi za kuvua, wazee wakionyesha mipaka na vijana wakiandika. Mkutano wowote na kampuni, parke ao serikali uwe na prosè-verbal, na kopi moja ibaki kijijini. Mradi ukifika, watu waombe kuona uchunguzi wa mazingira na kuelezewa kwa kiluba ao kwa kiswahili. Kwa pesa za madini, waulize usheferi ao sekta: ziliingia ngapi, na zilifanya nini?

Mvuvi naye iko na deni. Nyavu za matundu madogo zinakamata watoto wa samaki, na ziwa tupu halina haki ya kugawa.