Kisasili: asili inayosimuliwa na wenyewe

Kisasili, wingi wake visasili, ni istilahi iliyoundwa kwa maneno mawili ambayo kila msemaji wa Kiswahili anayajua: kisa na asili. Yote mawili yametoka Kiarabu, na huko kwao asili ni mzizi. Yakiunganishwa, tunapata kisa kinachoeleza mzizi wa jambo: kwa nini binadamu hufa, radi hutoka wapi, kwa nini ukoo fulani hauli nyama fulani, sikukuu hii ilianzaje. M. M. Mulokozi, alipopanga tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika mwaka 1989, alivipa visasili fungu lao wenyewe, mbali na hadithi za kubuni na mbali na salua, yaani masimulizi ya kihistoria.

Istilahi hii ilihitajika kwa sababu neno mythe, ambalo wataalamu wa Ulaya walilirithi kwa Wayunani, limechakaa. Hapo mwanzo lilikuwa na maana ya usemi au masimulizi tu. Leo, katika Kifaransa tunachofundishiwa mashuleni Kongo, mtu akilitamka mara nyingi anataka kusema kwamba jambo hilo ni uongo ulioaminiwa na watu wengi. Mtoto akisikia mila za babu yake zikiitwa hivyo, hukumu imeshatolewa kabla kisa hakijaanza. Mwaka 1965 Mmarekani William Bascom alipendekeza kipimo cha haki zaidi: masimulizi ni ya aina hii pale ambapo wenyewe wanayachukua kuwa ya kweli, yaliyotokea zamani za mbali, na kwa kawaida ni matakatifu. Neno kisasili linakikubali kipimo hicho vizuri. Halimwiti yeyote mwongo.

Tulipime neno hilo Kalembe, kwenye mpaka wa wilaya za Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo. Upande wa mashariki ni nchi ya Wahunde, upande wa magharibi ni ya Wanyanga, na lugha zao ni ndugu. Mashariki zaidi iko milima ya Virunga, na humo Nyamulagira, mojawapo ya volkano zinazolipuka mara nyingi kabisa barani Afrika. Katika imani ya kale ya Wanyanga, moto wa chini ya ardhi una mwenyewe, naye ni Nyamurairi. Jina lake linakaribiana sana na la mlima huo. Miungu wengi hukaa huko kwenye volkano, mahali wanapopaita kwirunga. Radi nayo ina mwenyewe, Nkuba, na hata leo Mnyarwanda akitaja radi husema inkuba. Ardhi iliyo chini ya miguu yao na mvua iliyo juu ya vichwa vyao vimepewa majina, na kila jina lina kisa chake.

Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimsimulia Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia kutoka Ubelgiji, utendi wa Mwindo kwa siku 12. Aliimba, akasimulia na kucheza, huku wenzake wakimpigia mdundo na kumwitikia. Biebuyck alishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye mwenyewe ni Mnyanga, na kitabu kikachapishwa mwaka 1969. Mwindo ni mwana wa Shemwindo, mtawala wa Tubondo aliyekuwa ameamuru wake zake wazae mabinti tu. Mtoto wa kiume alipozaliwa, baba alijaribu kumuua, mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo akaokoka, akamfuata baba yake hadi kuzimu, akamrudisha, wakapatana. Baadaye alimuua joka aliyekuwa rafiki wa Nkuba. Nkuba akamchukua juu mbinguni mwaka mzima, na huko Mwindo akapigwa na baridi, mvua na jua, kisha akapewa mwiko: asiue tena mnyama yeyote, wa porini wala wa kijijini. Aliporudi aliwapa watu wake sheria: limeni vyakula vingi, msigombane, msimcheke mgonjwa, msimfuate mke wa mtu.

Hapo ndipo kisasili kinapofanya kazi. Mwiko na sheria vingeweza kutamkwa vikavu, vikasahauliwa. Vikiwekwa ndani ya mateso ya Mwindo, vinapata sababu, na mwenye nguvu anakumbushwa kwamba naye ana wa kumwadhibu.

Wanyanga wenyewe wana neno lao, karisi. Ni jina la utanzu huo wa utendi, na pia ni jina la roho inayomtaka mtu ajifunze kuusimulia. Msimulizi huitwa shekarisi, na kusimulia kwake kunaaminiwa kumkinga na maradhi na kifo. Kwa hiyo istilahi yetu isiishie kwenye maandishi. Mara nyingi kisasili hutendwa, na mara nyingine kukisimulia ndiyo ibada yenyewe.

Lakini neno kisasili lina mtego, nao umo ndani ya asili. Swali la kwanza ni hili: mila ilianzia wapi? La pili: wenye mila wanasema ilianzia wapi? Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja. Jina lake jingine, Nairuzi, linatokana na mwaka mpya wa Waajemi. Kalenda yake ya siku 365 haiongezi siku katika mwaka mrefu, basi sikukuu iliyokuwa ya majira mengine sasa huangukia Julai. Hayo ni majibu ya mwanahistoria kwa swali la kwanza. Mwenyeji anayepigana kwa mapande ya migomba na kuchoma kibanda ili mwaka uanze bila uchafu wa uliopita analijibu la pili. Kisasili ni cha swali la pili, na majibu hayo mawili yanaweza kuishi nyumba moja.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya Kalembe. Oktoba 2024 mapigano ya waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo yalifika pale, watu wakakimbia. Masisi na Walikale, neno asili limekuwa zito: nani ni wa asili, ardhi ni ya nani, nani alitangulia kufyeka msitu. Mahali kama hapo, kisa cha mwanzo kinaweza kunyakuliwa na kugeuzwa hati ya shamba, au sababu ya kumfukuza jirani. Istilahi iliyofafanuliwa vizuri inatusaidia kukataa. Kisasili kinaeleza jinsi watu wanavyouelewa ulimwengu wao na wanavyotaka kuishi. Hakipimi mipaka. Na cha Mwindo, anayekisikiliza hadi mwisho, kinafikia amri ya kulima na kutogombana.