Mugumo uliobeba malkia, ukateketea Nyeri

Kila ifikapo tarehe 6 Februari, Nyeri hukumbukwa na watu ambao hawajawahi kuikanyaga. Siku hiyo mwaka 1952, Mfalme George wa Sita alifariki Sandringham, Uingereza. Binti yake Elizabeth akarithi taji akiwa Kenya, asubuhi ya kutoka kulala juu ya mti katika msitu wa Aberdare. Naye alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, magazeti na televisheni za dunia nzima zilirejea kwenye picha ile ile: msichana wa miaka 25, ngazi ya mbao, ndovu chini, na nyumba ndogo iliyofichwa na majani. Hoteli hiyo iliitwa Treetops.

Picha hiyo inavutia, na sina ugomvi nayo. Ila kila nikiisoma namwona binti mfalme, namwona mumewe, namwona hata tembo, lakini mti wenyewe sijaona ukiulizwa habari zake. Ulikuwa mugumo. Mtu wa Nyeri akilisikia jina hilo haulizi tena kwa nini hadithi hii haikuishia kwenye ngazi.

Nyumba ya juu si jambo geni katika nchi zetu. Mkulima wa mpunga au mtama hujenga dungu la miti na makuti katikati ya shamba, na mara nyingi mtoto ndiye hupandishwa huko na kombeo lake kuamia ndege na kufukuza nyani tangu alfajiri. Mtoto hulipenda dungu kwa sababu anaona mbali na hakuna mkubwa anayemsimamia. Hata hivyo yuko kazini. Wazo la kujenga nyumba mtini kwa raha tu, ya kukaa na kutazama, lilifika Nyeri kutoka kwingine, na lilitoka katika mchezo wa watoto.

Mwaka 1904 Mskoti J. M. Barrie alitoa London tamthilia ya Peter Pan, ambamo watoto wanamjengea Wendy nyumba ndogo, na mwishoni nyumba hiyo inaonekana juu kabisa ya miti. Inasimuliwa kwamba Lady Bettie Walker, binti wa Earl wa Denbigh, aliyekuwa akiishi Nyeri na mumewe, alitamani nyumba kama ya Wendy. Mume akamjengea. Hoteli iliyotajwa kuliko zote nchini ilianza kama vile mzazi anavyompigilia mtoto mbao juu ya mparachichi nyuma ya nyumba.

Mume huyo, Eric Sherbrooke Walker, alikuwa mtu wa visa. Alipata kuwa katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa rubani, akatekwa na Wajerumani, akajaribu kutoroka. Vita vilipokwisha aliingiza pombe ya magendo Marekani wakati ilipokuwa imepigwa marufuku kule, kisha akaandika kitabu juu ya biashara hiyo kwa jina la bandia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 yeye na mkewe walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Baden-Powell alikuja kumalizia uzee wake katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli hiyo, na alipofariki mwaka 1941 alizikwa Nyeri.

Mti waliouchagua ulisimama ndani ya msitu, karibu na dimbwi na ardhi ya chumvi ambayo wanyama huja kuilamba. Mwaka 1932 vyumba viwili vikapachikwa kwenye matawi yake. Ujenzi haukuwa rahisi. Ndovu na vifaru waliwafurusha mafundi mara kwa mara, na gharama za vibarua zikapanda kwa sababu ya hatari hiyo. Mwanzoni wageni walipelekwa Jumatano usiku tu. Sehemu ya mwisho ya njia walitembea kwa miguu nyuma ya mtu mwenye bunduki, na kando ya njia ngazi ndogo zilipigiliwa kwenye miti ili mgeni apate pa kukimbilia nyati akitokea.

Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 tunaujua vizuri kwa sababu shahidi wake alikuwa mwandishi. Jim Corbett, aliyejipatia jina kwa kuwinda simbamarara wala watu huko Kumaon, India, alihamia Kenya mwaka 1947 na dada yake. Aliitwa awe mlinzi wa wageni wale. Alikuwa na miaka 76. Kitabu chake kidogo cha Tree Tops, kilichotoka mwaka 1955, mwaka aliofariki Nyeri, ndicho kilichoizaa hadithi tunayoisikia hadi leo. Anasimulia jinsi Elizabeth alivyopita kimya karibu na kundi la ndovu na kupanda ngazi bila kuonyesha woga. Anasimulia kuro wawili waliopigana hadi mmoja akaumizwa vibaya, na binti mfalme aliyepiga picha za filamu mpaka mwanga ukamwishia. Usiku vifaru walikuja kulamba chumvi, na inasemekana Corbett alikesha juu ya ngazi na bunduki yake. Yeye pia ndiye aliyeandika katika kitabu cha wageni ule usemi kuhusu binti mfalme aliyepanda mti na malkia aliyeshuka.

Usemi huo umezua ubishi mrefu. Je, kweli alishuka akiwa malkia? Mfalme alifariki usingizini. Mara ya mwisho alionekana karibu saa sita usiku, akifunga dirisha la chumba chake, na mtumishi akamkuta amekufa saa moja na nusu asubuhi. Saa za Nyeri zilikuwa takriban saa tatu mbele, kwa hiyo mauti yalimfika kati ya saa tisa za usiku na saa nne na nusu za asubuhi kwa saa za huku. Katika muda huo Elizabeth alilala, akaamka, akatazama wanyama wa alfajiri, akashuka na kuondoka. Inawezekana alikuwa malkia akiwa bado mtini, na inawezekana pia alikuwa njiani. Habari yenyewe aliipata mchana, Sagana, katika nyumba ambayo serikali ya kikoloni ilimpa kama zawadi ya arusi, na mumewe ndiye aliyempasha. Lakini kibao cha kumbukumbu kilikata shauri: kilitangaza kwamba alirithi taji ndani ya mti ule. Jina la mti kikaliandika “Mgumu”.

Mgumu! Kwa Kiswahili neno hilo lina maana nyingine kabisa, na kwa Kikuyu hakuna mti wa jina hilo. Kibao kinamtaja binti mfalme na cheo chake, kinamtaja marehemu baba yake, na mti kinaukosea jina. Fundi aliyefukuzwa na kifaru akiwa na nyundo mkononi hayumo kabisa.

Mugumo kwa Agikuyu ni mti wa ibada. Si kila mugumo ni madhabahu, lakini ule ulioteuliwa na wazee haukatwi, na tawi lake likianguka halikusanywi ovyo kwa kuni. Hapo ndipo kondoo alichinjwa na Ngai, Mungu wao, akaombwa mvua, nyuso zikiwa zimeelekezwa Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Utabiri wa nabii Mugo wa Kibiro ulisema mugumo wa Thika ukianguka, utawala wa wageni nao utakwisha. Mti huo ulianguka mwaka 1963, na wapo wazee wanaousimulia hadi leo kama jambo la jana. Mtoto wa Kikuyu alijua miti ya kuparamia na mti wa kupita kwa adabu. Nyumba ya Wendy iliwekwa juu ya mti wa aina hii ya pili.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane baada ya ngazi ile kupandwa na kushukwa. Msitu wa Aberdare ukawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Serikali ikaufanya eneo lililokatazwa, mtu akionekana humo apigwe risasi, na ndege za kivita zikaumwagia mabomu. Hapakuwa tena na watalii wa Jumatano. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliichoma Treetops. Mti uliungua pamoja na nyumba, kikabaki kisiki cheusi.

Vitabu vya Walker na Corbett vinaueleza moto huo kama msiba, na ninawaelewa. Lakini mwezi uliofuata, Juni 1954, baraza la vita la serikali ya kikoloni liliamua kuwahamisha watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu kwa nguvu na kuwaingiza katika vijiji vya kulindwa. Watu zaidi ya milioni 1 walitolewa makwao, na nyumba zao zikabomolewa au kutiwa moto na askari ili wasirudi. Nyumba moja ya kuchezea iliyoungua ina tarehe yake katika kila kitabu cha mwongozo. Maelfu ya nyumba za kulala watoto zilizoungua kwenye matuta yale yale hazina kibao, na wanaozikumbuka wanazikwa mwaka baada ya mwaka. Hilo linaniuma kila Februari.

Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mwana wa Tetu, alikamatwa Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu huohuo na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huohuo Treetops ilijengwa upya, ng'ambo ya dimbwi, safari hii juu ya nguzo. Ikakua hadi vyumba 50. Elizabeth alirudi kuitazama mwaka 1983 na kukuta msitu umepungua, ndovu wakiwa wameila miti iliyokuwa ikiwaficha. Mwaka 2021, baada ya Korona kuwakata wageni, hoteli ilifunga milango.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Nairobi, mugumo uliokadiriwa kuwa na miaka 100 hivi ulisimama mbele ya barabara mpya ya Expressway huko Waiyaki Way. Ulikuwa umeshapangiwa kung'olewa. Wananchi walipiga kelele, na Novemba 2020 rais wa wakati huo akaamuru uachwe. Barabara ikaupisha. Nimepita hapo juzi, magari yamebanana pande zote, na chini yake alikuwepo mwanamke mmoja wa makamo amesimama kimya, kikapu chini, uso ameuinua kwenye matawi.